Baba mkwe wa Tanga anataka kuingia mlo wa jioni kwenye meli ya kitalii na kanzu. Atazuiwa mlangoni?

Mpwa wa Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Wakwe zangu wanatimiza miaka 40 ya ndoa mwezi wa sita mwakani. Watoto na wakwe tulioko Uingereza tumechanga, tumewakatia safari ya meli: Queen Anne ya kampuni ya Cunard, siku 7, Southampton hadi Norway na kurudi. Mimi na mke wangu tunaandamana nao. Viza na bima zinashughulikiwa, huko msihangaike.

Kinachoninyima usingizi ni nguo za mlo wa jioni. Maelezo waliyotutumia yanasema kila siku kuanzia saa kumi na mbili jioni abiria wawe nadhifu, na ndani ya hizo siku 7 kuna jioni mbili za gala, yaani za kuvaa rasmi kabisa. Moja ya nyeusi na nyeupe, nyingine ya vinyago. Wanaume tuksedo (suti nyeusi ya jioni na tai ya kipepeo), au suti ya rangi ya kiza na tai. Sasa baba mkwe ni mwalimu mstaafu. Tai alizifunga miaka yote ya kazi, siku aliyostaafu akazigawa zote. Kauli yake kwenye simu: "Nitavaa kanzu. Wakininyima chakula nitakula tende chumbani." Mama mkwe naye kanunua madera mapya, begi limejaa, anaona kazi imekwisha.

Kanzu inapita? Madera je? Na mimi nina suti moja ya bluu ya kiza niliyoolea, itanifikisha? Halafu ni kweli ukikosea unarudishwa mbele za watu? Wenye uzoefu tiririkeni.

Kobe wa Houston

Mkuu mnawatisha wazee bure. Sisi huku Texas tunapanda meli za kampuni ya Carnival pale Galveston, watu wanaingia ukumbini na jinzi ilimradi haina matobo. Jioni ya kawaida hata kaptula ya heshima na fulana yenye kola inapita. Jioni ya kifahari ni suruali ya kitambaa na shati la vifungo, koti ukipenda. Safari ya siku 2 hadi 5 ina jioni moja ya hivyo, kuanzia siku 6 zinakuwa mbili. Wanachokataa ni singlendi, nguo za kuogelea, bukta za mazoezi na ndala. Basi.

Bi Kidawa wa Slough

Kobe, hiyo ni Carnival inayokwenda Karibiani. Mwenzio kasema Cunard. Usimponze akafika na jinzi Southampton.

Jembe Halimtupi Mkulima

Yaani nitoe maelfu ya pauni halafu kuna mtu anichagulie nguo ya kulia ugali? Mimi nakaa na bukta yangu, anitoe aone.

Deki ya Tano

Salaam kwenu nyote. Mimi mtu wa Likoni, nahudumu ukumbi wa chakula melini. Kampuni sitaitaja, mkataba wangu bado naupenda. Wacha niwaeleze ninavyoona nikiwa nimebeba trei.

Jembe, hakuna atakayekutoa. Mlangoni yupo mkuu wa wahudumu, kazi yake nusu ni kupanga meza na nusu ni macho. Akikuona na bukta atakusogelea, atakusalimia kwa jina lako la ukoo, atakuongoza pembeni na kukuambia kwa sauti ya chini kwamba bufee ya juu iko wazi na chakula ni kizuri. Hakuna kelele. Wengi hurudi chumbani, wakashuka tena baada ya dakika kumi na suruali ndefu. Wenye kiburi huenda bufee, wakala wakashiba, nao wala hawajapungukiwa. Nimewahi kuona mtu mmoja tu akipaza sauti, na waliomwangalia vibaya walikuwa abiria wenzake, si sisi.

Sasa jambo ambalo watu wengi hulichanganya: meli hazina sheria moja. Wale watalii walioshuka Mombasa na Zanzibar kutoka Norwegian Dawn, mkawaona na kofia za jua na makubazi, wanatoka kwenye kampuni ambayo tangu 2000 imejinadi kwa uhuru: kula saa utakayo, vaa utakavyo, kuna jioni ya kupendeza lakini halazimishwi mtu. Kampuni ya Celebrity waliachana na jioni rasmi za zamani 2015, wakaweka za "nadhifu" na za "kisasa zaidi". Viking hawana gala hata moja, lakini ukiingia mkahawa wao mkuu usiku na jinzi utaambiwa si hapo. Princess bado wanayo, safari ya wiki huwa na jioni mbili rasmi. MSC, ambao wameajiri vijana wengi wa kwetu pwani, wana jioni ya kifahari na mara nyingi sherehe ya watu wote kuvaa nyeupe. Ukitaka kumkuta mzee wa mila aliyebaki baharini, ni huyo Cunard mliyemchagua. Abiria wake wengi hukata tiketi kwa sababu ya hizo gala. Kuna watu wana masanduku ya tuksedo tupu.

Kwa hiyo swali la kwanza kila mara ni kampuni gani, la pili ni usiku gani. La pesa halimo. Nimewahudumia watu wenye saa ya bei ya nyumba wakiwa wamevaa vibaya, na nimemhudumia kibibi mmoja aliyekuja na gauni lilelile jeusi usiku wote, kila siku anabadilisha mtandio, na kila siku meza ya jirani inamsifu.

Kuhusu kanzu: Cunard wenyewe wameandika kwamba jioni za gala vazi rasmi la taifa la mtu linakubalika, sambamba na tuksedo na sare za kijeshi. Ndiyo maana utaona Waskoti na sketi zao za mistari na Wahindi na makoti yao marefu ya sherwani. Kanzu imo. Nyongeza ni moja tu: iwe kanzu ya kwendea arusini, si ya kuendea sokoni.

Mpwa wa Chumbageni

Deki ya Tano Mungu akuweke. Nimemsomea mzee, amecheka, amesema "umeona?" Lakini kaongeza sharti jipya: na makubadhi.

Deki ya Tano

Hapo ndipo pagumu. Ndala na kandambili za wanaume mlo wa jioni hazitakiwi karibu kila kampuni, na yule wa mlangoni hana darasa la kutofautisha makubadhi ya ngozi ya Lamu na ndala za bwawani. Huenda akapita, huenda akasimamishwa aelezwe, na mzee wa umri huo hapendi kusimamishwa. Viatu vyeusi vya kufunika, visivyo na kamba, anavichomeka tu. Makubadhi avae mchana juu ya deki.

Jamaa wa Nakuru

Na Kaunda suti? Huku Kenya Spika Wetang'ula aliifungia mlango wa Bunge Novemba 2023, wakati Rais mwenyewe anaipenda. Nauliza maana baba yangu zake ni za mikono mifupi na ndizo anazozijua.

Deki ya Tano

Jioni za kawaida anapita bila kuulizwa, amependeza zaidi ya nusu ya ukumbi. Jioni ya gala ya Cunard, mikono mifupi hapana. Ya mikono mirefu, rangi ya kiza, imeshonwa vizuri, ukisema ndilo vazi rasmi la kwenu sidhani kama kuna atakayebishana nawe. Lakini hapo unategemea hisani ya mtu. Kanzu na koti haina mjadala.

Bi Kidawa wa Slough

Sasa tuongee ya akina mama, maana naona wanaume mmejiandalia uzi wenu.

Mpwa, mwambie mama mkwe madera ni ya chumbani, na nasema hivi kwa mapenzi. Dera ni vazi la raha. Jioni za kawaida, dera zuri la kitambaa kizito lenye darizi kifuani, na mtandio unaooana, linaweza kusomeka kama kaftani na mtu asijue. Lile jepesi la maua makubwa, hapana. Wazungu hawatasema kitu, lakini yeye mwenyewe akikaa pale kati ya magauni marefu atajihisi kaingia sebuleni kwa watu na nguo ya kulalia. Ni hisia yake ninayoilinda.

Gala ya nyeusi na nyeupe mbona ndiyo rahisi kuliko zote? Avae baibui jeusi la arusini lile lenye darizi ya fedha mikononi, ushungi mweupe wa hariri, na dhahabu zake. Amemaliza. Kuna akina mama watakaokuwa wametumia pesa nyingi kutafuta gauni jeusi refu lisiloonesha mwili, na mtu wa Tanga analo kabatini tangu arusi ya mpwa wake.

Ya vinyago: kinyago si lazima. Wanaotaka huvaa, kwenye duka la melini huwa vinauzwa, wengine hukishika mkononi kwa kijiti wakapiga picha tu. Kwa siku hiyo ningemshonea gauni refu la kitenge, rangi nzito, zambarau au kijani cha chupa, mikono mirefu. Kitenge kwenye taa za ukumbi kinawaka. Mtu wa Kampala gomesi inakubalika, wa Kigali mushanana ndiyo usiseme.

Mawili ya mwisho. Ukumbi wa chakula una kiyoyozi kikali, hata meli ikiwa Karibiani. Kwenye fiyodi za Norway, zile ghuba nyembamba kati ya milima, ndiyo kabisa. Shali nzito kila jioni, isiwe ya mapambo tu. Na viatu: mchuchumio waachie wa nchi kavu. Meli kubwa hutulia, lakini Bahari ya Kaskazini ikiamua kuamka, ngazi zile za kushukia ukumbini zinageuka mtihani. Kisigino kifupi na kipana.

Jembe Halimtupi Mkulima

Bado sijaelewa haya mambo yalianzia wapi. Mtu yuko katikati ya maji, kuna kuzama, anafunga kipepeo shingoni.

Msomaji wa Barazani

Jembe, umegusa ninapopapenda.

Zama za meli za kuvuka Atlantiki hapakuwa na ndege. Tajiri alikaa melini siku tano, sita au zaidi, na desturi ya tabaka lake nchi kavu ilikuwa kubadilisha nguo kabla ya mlo wa usiku. Akapanda nayo. Kwenye Titanic mwaka 1912 tarumbeta lilipigwa kuwajulisha watu wa daraja la kwanza kwamba muda wa mlo umefika. Na hata hao walikuwa na ruhusa: usiku wa kwanza na usiku wa mwisho hapakuwa na kuvaa rasmi, kwa sababu masanduku yalikuwa hayajafunguliwa au yameshafungwa. Angalieni ratiba za leo, mpaka sasa gala huwekwa siku za kati, hasa siku ambayo meli haitii nanga popote na watu wana muda wa kujipamba.

Lakini msisahau, daraja la tatu chini kule hawakuulizwa tai. Walikula mchana mlo wao mkubwa, jioni chai na mkate, wamevaa walichonacho. Kwa hiyo hiki mnachokiona kama utamaduni wa bahari ni utamaduni wa ghorofa za juu za meli, ambao sasa umeuzwa kwa kila aliyekata tiketi. Mimi hilo silichukii. Angalau siku hizi fundi bomba wa Manchester na jaji wanafunga kipepeo kimoja.

Na kuhusu kuzama: Benjamin Guggenheim, tajiri wa Marekani, usiku ule wa Titanic alikwenda akabadili, akavaa nguo zake za jioni pamoja na mtumishi wake, akasema wako tayari kuzama kama waungwana. Wakazama.

Jembe Halimtupi Mkulima

Mimi ningevaa boya.

Mzanzibari wa Ruwi

Asalaam aleikum. Naongeza la upande wa Ghuba. Majira ya baridi meli nyingi hufanya mizunguko kutoka Dubai, Abu Dhabi na Doha, na baadhi hupita Maskati. Ndani ya meli hizo utaona kanzu za Kiomani na kofia au kilemba bila mtu kushtuka, wahudumu wamezoea.

Onyo langu ni moja, kwa wenye kupenda kukamilisha vazi. Jambia liacheni nyumbani. Kwetu bila jambia kiunoni hujavaa rasmi, lakini pale bandarini mzigo unapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege, na kisu cha aina ile hakipandi melini. Watakiweka kwa afisa wa usalama hadi mwisho wa safari kama una bahati. La babu yako lenye fedha hutaki liende huko.

Na kwa familia zisizotaka pombe kwenye meza ya jirani, tangu Desemba 2024 kuna meli ya AROYA ya Wasaudi, ilianzia Jeddah, haiuzi pombe kabisa. Huko kanzu ndiyo suti.

Kobe wa Houston

Na sisi wa Karibiani tuseme letu: nguo za mabaka ya jeshi msibebe kabisa, hata kofia. Barbados na Jamaica ni kosa kisheria kwa raia, na meli inatia nanga huko.

Msomaji wa Barazani

Hata hapa nyumbani ujaribu uone.

Fundi Mabrouk

Wakuu nimechelewa, nilikuwa na arusi tatu za kushona. Mimi fundi cherehani, kanzu na makoti, na wateja wa kusafiri ninao.

Mpwa, mzee wako anataka kanzu ya kuvaa mara mbili kwa siku 7, ndani ya begi lililokunjwa. Usimpe pamba tupu wala kitani, vikikunjika vimekunjika. Kitambaa cha mchanganyiko, pamba na poliesta, kizito kidogo, kinaanguka vizuri na hakibaki na mikunjo ya kiti ukisimama. Rangi nyeupe ya maziwa, siyo ile nyeupe ya bluu, ambayo chini ya taa inaonesha kila kilicho ndani. Ndani avae msuli au suruali nyeupe, si ya rangi. Darizi ya kifuani iwe ya hariri, nyembamba.

Juu yake koti jeusi. Hapa wengi huharibu: wanachukua koti la suti ya zamani, mabega yamepanuka, mikono inafika vidoleni. Koti la juu ya kanzu linatakiwa liwe jepesi, mabega laini, vifungo viwili, na liishie nyongani. Kwa gala ningembandikia kola ya satini nyeusi, ile inayong'aa kidogo kama ya tuksedo. Kazi ya siku moja kwa fundi anayejua. Kofia ya vito nyeupe aliyoshona mkewe, akiwa nayo, hiyo ndiyo taji. Hebu mfikirie sasa: kanzu nyeupe, koti jeusi, kofia nyeupe, viatu vyeusi. Jioni yenyewe ni ya nyeusi na nyeupe. Hao wenye tuksedo ndio watakaokuwa wanamuiga yeye.

Wewe suti yako ya bluu ya kiza inatosha, ongeza tai nyeusi ya kipepeo na shati jeupe lenye vikuku vya kufungia mikono. Ujifunze kuifunga au ununue iliyofungwa, hakuna atakayekuvuta shingo kuangalia.

Deki ya Tano

Fundi umenisaidia. Niongeze: pasi na vile vifaa vya kunyooshea nguo kwa mvuke msibebe, moto ndio adui wa kwanza wa meli, vikionekana kwenye mashine ya mizigo vinachukuliwa. Meli za Cunard zina vyumba vya kufulia vyenye mashine na pasi, bure. Tatizo ni kwamba jioni ya gala kuanzia saa kumi kule ndani kuna foleni na maneno ya chini kwa chini kuhusu nani kaacha nguo kwenye mashine. Piga pasi asubuhi watu wakiwa kwenye chai. Kampuni nyingine, kwa mfano Royal Caribbean, hazina chumba cha kujifulia. Utatoa nguo kwa mhudumu wa chumba na utalipa. Au tundika kanzu bafuni, fungua maji ya moto, funga mlango.

Mpwa wa Chumbageni

Nimeandika yote. Swali dogo la mzee: mlo uko saa ngapi na magharibi saa ngapi? Anataka kujua atavaa kabla au baada ya kuswali.

Bi Kidawa wa Slough

Mwezi wa sita kule Bergen, Norway, jua linazama saa tano usiku, mwanangu. Atakula, atamaliza, atatazama wacheza dansi, atarudi chumbani, na bado alasiri haijatoka. Mtafutie ratiba ya sala ya kila bandari mapema, maana kila siku mnapanda kaskazini au mnashuka. Kuhusu mlo, ukumbi mkuu Britannia mnaweza kuomba zamu ya mapema au ya usiku. Kwa wazee, zamu ya mapema. Na chakula cha halali msikiombee mezani, kiandikisheni kwa kampuni wiki kadhaa kabla.

Jamaa wa Nakuru

Na siku ambayo mzee amechoka hataki koti wala kofia?

Deki ya Tano

Kwenye Queen Anne apande Artisans' Foodhall, ile bufee, au ashuke Golden Lion, baa ya Kiingereza yenye samaki na viazi. Huko hata usiku wa gala haulizwi tuksedo. Lakini nawaambia ukweli, wazee wakishavaa mara ya kwanza, wakapigwa picha kwenye ngazi na kila mtu akawapongeza, usiku wa pili wao ndio wanaokuharakisha wewe. Picha hizo zinauzwa ghali, semeni "hapana asante" mpige kwa simu.

Mke wa Mpwa

Mimi ndiye mwenye wazazi, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Asanteni. Mama amekubali baibui, madera amepunguza. Baba amempigia fundi wake wa barabara ya kumi na mbili kuhusu kola ya satini, fundi kamuuliza kama anaoa tena.

Nina swali kwa Deki ya Tano. Siku ya kupanda mabegi yanachukuliwa pale bandarini, na usiku wa mwisho wanasema tuyaweke nje ya mlango. Nguo za jioni hizo mbili tunazishika vipi?

Deki ya Tano

Karibu dada. Siku ya kwanza begi lako linaweza kufika chumbani ukiwa umeshakula, mabegi ni maelfu na lifti ni zilezile. Kwa hiyo kwenye mkoba wa mkononi wekeni nguo moja ya jioni kwa kila mtu, dawa zote za wazee, pasipoti na vifaa vya kuswalia. Siku hiyo si ya gala; kanzu safi kwa baba na gauni kwa mama vinatosha.

Usiku wa mwisho mabegi yanawekwa koridoni kabla ya kulala, yanashushwa usiku kucha, hamtayaona tena hadi ukumbini bandarini asubuhi. Fungeni mabegi kabla ya kwenda kula, kisha acheni nje nguo za asubuhi na begi dogo litakalomeza zile za jioni mkishazivua. Hesabuni kila mtu: suruali, viatu, nguo za ndani, sweta. Kila mwaka kuna mwungwana anayefunga kila kitu kwa bidii na kulala usingizi mzuri, halafu asubuhi anagundua aliyobaki nayo ni pajama. Nilimwona mmoja akishuka Southampton na pajama ya mistari, koti la tuksedo juu, na viatu vya kung'aa. Afisa wa forodha alimwuliza kama ana kitu cha kutangaza.